Mbwa wangu anachimba na kubweka mchana kutwa: nimpe shughuli gani?

Mkazi wa Lanet, Nakuru

Hamjambo nyote. Nina mbwa jike wa kienyeji aitwaye Pendo, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu. Mimi huondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi jioni, na muda huo wote yeye hubaki peke yake katika ua mdogo. Amefukua sukuma wiki yote, ametafuna viatu vilivyoanikwa, na jirani amekwisha kunijia mara mbili kwa sababu ya kubweka kwake. Nimerefusha matembezi ya jioni hadi saa nzima, lakini anarudi akiwa na nguvu kuliko alivyotoka. Sina uwezo wa kununua vitu vya kuchezea vya madukani, wala sitaki kumfunga mnyororo. Nifanye nini?

Mfugaji wa Kisumu

Ndugu wa Lanet, pole sana. Ninavyoona, miguu ya Pendo imepata kazi ya kutosha, ila pua yake haijapata. Pua ya mbwa inaweza kuwa na vipokezi vya harufu vipatavyo milioni 300, ilhali yetu ina takribani milioni 6 tu, kwa hiyo mbwa anayevutwa kamba barabarani bila kuruhusiwa kusimama na kunusa ni sawa na mtu aliyepitishwa katika soko la Kibuye akiwa amefungwa kitambaa machoni. Mruhusu anuse kila kichaka apendacho, hata kama kwa nusu saa mtafika nyumba ya tatu tu.

Huku kwetu jua la saa nne huunguza nyayo za mbwa, na ndilo lililonilazimisha kutafuta michezo ya nyumbani. Niliacha kabisa kumwekea wangu chakula chote katika bakuli. Asubuhi humwaga konzi ya omena waliooshwa na kukaushwa katikati ya nyasi, naye huwatafuta mmoja mmoja. Jioni hutumia trei mbili za mayai, zile za karatasi ngumu: naweka omena au tonge dogo la ugali katika baadhi ya vishimo, kisha naifunika kwa trei ya pili. Siku za kwanza usiifunike, ili aelewe kwamba kuna kitu cha kutafutwa na asikate tamaa. Wangu huchukua robo saa kuzitenganisha, kisha hulala usingizi mzito ambao mbio hazikuwahi kumletea. Kaa karibu naye, na akianza kumeza karatasi, mwondolee.

Mama wa Kakamega

Naunga mkono, lakini nawasihi msimpe mbwa gunzi la mahindi alitafune. Ni desturi iliyoenea sana huku kwetu wakati wa mavuno, na mbwa wetu alimeza kipande, akatapika siku mbili mfululizo, hadi daktari wa mifugo akalazimika kumpasua. Gunzi halimeng'enywi tumboni. Hukwama na kuziba utumbo. Mifupa iliyopikwa nayo huvunjika vipande vyenye ncha kali, na vitunguu ni sumu kwa mbwa, kwa hiyo mabaki ya mchuzi yasitumike katika michezo hii.

Kuhusu kuchimba, usimkataze bali mpe mahali pake. Tenga pembe moja ya ua, mwaga mchanga, ufukie humo kamba iliyosukwa kwa fulana kuukuu ya mtumba, na umsifu kila anapochimba hapo. Sukuma wiki izungushie matawi yenye miiba kwa muda.

Msaidizi wa mifugo, Njoro

Ningependa kuongeza jambo kuhusu kubweka. Ikiwa Pendo anawaona wapita njia kupitia lango, lizibe kwa mabati au gunia, kwa maana hakuna mchezo utakaoshindana na lango lililo wazi. Pia mfundishe neno moja jipya kwa dakika tano tu kila jioni: kaa, ngoja, au leta. Na kama tabia hii ilianza ghafla, apimwe kwanza, kwa sababu maumivu nayo humfanya mbwa akose utulivu.

Mkazi wa Lanet, Nakuru

Asanteni kwa dhati. Leo ni siku ya kumi. Lango nimeliziba, na chakula cha asubuhi nakimwaga kwenye nyasi kabla ya kuondoka. Jirani ameniambia kwamba sasa kelele huanza saa nane mchana, si saa mbili asubuhi. Kijana wa jirani huyo hutoka shuleni mapema, naye amekubali kumfukia Pendo omena katika mchanga saa hiyo ya nane, kesho tutajaribu.