Umeme wa bahari Pemba: tabini zikae wapi?

MWANZISHA MADA: Assalaam aleikum. Kila umeme ukikatika hoja hurudi ile ile: bahari imetuzunguka, mkondo haulali, tuteremshe tabini, mitambo ya mapanga yanayozungushwa na maji, tuachane na waya za kutoka bara. Umeme wa bahari nautaka, ila si kwenye mkondo mkubwa wa mlango wa Pemba, kati ya kisiwa chetu na bara.

Nguvu ya mtambo hufuata kipeo cha tatu cha kasi ya maji. Kasi ikipungua nusu, umeme unabaki thumuni! Na mkondo wetu hukaza wakati wa kusi, hulegea wakati wa kaskazi. Unguja ilikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 njia ya umeme kutoka bara ilipoharibika. Hiyo ndiyo miezi ya kaskazi.

Tena pale kina ni mamia ya mita. Mtambo hausimami chini, lazima uelee kwa kamba na nanga, kama ule wa kilowati 100 ambao Wajapani waliujaribu kwenye mkondo wa Kuroshio mwaka 2019. Scotland, penye maji mafupi ya Pentland Firth, wameweka minne ya megawati 1.5 kila mmoja, imekaa sakafuni, inazungushwa na maji kujaa na kupwa.

Basi tupime milango midogo ya visiwani magharibi mwa Pemba, Fundo na Njao, inayopitisha maji yakijaa na kupwa. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, yatatupunguzia, na kila maji yanapogeuka mtambo utasimama kidogo, lakini bamvua, yaani maji makubwa, ina kalenda yake. Unajua leo umeme wa mwezi ujao.

MCHANGIAJI, WETE: Kaka, milango hiyo ndiyo njia yetu ya kutokea kwenda kuvua. Mkishaweka mapanga chini, mtatukataza kutupa nyavu na nanga. Baba yangu apite wapi na ngalawa? Jua tunalo, wekeni sola.

MWANZISHA MADA: Sola naikubali, iwekwe hata kesho. Lakini Pemba taa tunaziwasha magharibi, jua limeshazama, na maji usiku yanajaa na kupwa kama mchana.

Juu ya nyavu sitakudanganya, ndugu yangu: nyavu na mapanga havikai pamoja. Ndiyo maana sitaki wavuvi waitwe kuonyeshwa ramani iliyokwisha kuchorwa. Wakae na wahandisi kabla kifaa cha kupimia hakijazamishwa, na mlango watakaosema usiguswe, usiguswe. Mzee wako angeuacha upi?

MCHANGIAJI, WETE: Nitamuuliza akirudi kutoka baharini.