Naomba ushauri: nataka kutengeneza matangazo ya televisheni (tele), nianzie wapi?

Wakubwa na wandugu, naomba munisaidie mawazo. Niko Goma, namaliza masomo ya lisansi ya mawasiliano kwa chuo kikuu, na papa anataka nitafute kazi kwa ONG (shirika lisilo la serikali) juu kule mshahara unaingia kila mwezi, lakini mimi roho yangu iko kwa matangazo ya tele, kuyaandika na kuyafilimu. Nimeangalia mengi sana na naona lile linabaki kwa kichwa si lile la staa mkubwa anacheza na chupa mkononi, wimbo ukiisha watu wanakumbuka staa, bidhaa wameshasahau. Angalia la Coca-Cola la 1971, vijana wa nchi mbalimbali wanaimba juu ya kilima kule Italia, basi, wimbo wenyewe ndio tangazo! Ao lile la kompyuta ya Macintosh la mwaka 1984, alitengeneza Ridley Scott, mwongozaji wa filamu, kompyuta yenyewe hawaionyeshi ikifanya kazi hata sekunde moja. Wazo moja tu na linakushika.

Sasa nyinyi muko kwa hii kazi, nianze kufilimu matangazo madogo ya maduka ya Birere hapa Goma na simu yangu, ao niende kwanza Kinshasa kutafuta staji ya kujifunza kazi? Na papa nimuambie namna gani bila kumuvunja moyo?