Kitabu kinasema 5W-30, fundi anataka 20W-50

Gesketi: Wakuu, gari la petroli, injini ya lita 1.5 yenye VVT (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka), limetembea kilomita 190,000. Kitabu chake kimeorodhesha 0W-20, 5W-30 na 5W-40. Oili inapungua kama nusu lita kila kilomita 5,000. Fundi anasema injini imechoka, niweke 20W-50. Na huku hakuna baridi, hiyo 0W au 5W ya nini?

Spana14: Achana na 20W-50. Namba ya mwisho inapimwa oili ikiwa nyuzi 100: daraja la 30 ni sentistoki (kipimo cha uzito wa oili) 9.3 hadi chini ya 12.5, la 50 linaanzia 16.3. VVT inasukumwa na presha ya oili inayopita kwenye solenoidi (valvu ya umeme) yenye vinjia vyembamba. Oili ikiwa nzito, kemshafti, shafti inayofungua valvu, inachelewa kujipanga, gari linakuwa zito na taa ya injini inaweza kuwaka.

Kuhusu baridi: namba yenye W inaonyesha oili inavyotiririka ikiwa baridi, na kwa oili, hata nyuzi 30 ni baridi. Kwenye nyuzi 40, 5W-30 huwa karibu sentistoki 60, wakati 20W-50 ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Injini inasagika sana kabla oili haijafika juu, kwa hiyo 5W ina kazi hata penye joto.

Ringi_ya_Pili: Nusu lita kwa kilomita 5,000 si ya kutisha. Tazama moshi kwanza. Wa bluu ukiwasha baada ya gari kulala, ni sili za valvu. Ukikanyaga mafuta ndio unatoka, ni ringi za pistoni. Angalia pia valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukachomwe), ikiziba injini inakula oili, na ni kifaa cha bei ndogo kuliko yote hayo. Ukitaka nzito kidogo, 5W-40 imo kitabuni, usivuke hapo. Kwenye kopo tafuta API SP, alama ya daraja la ubora wa oili.

Gesketi: Na taa ya oili ikimulika kwenye sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta), injini ikiwa moto?

Spana14: Zima, pima kiwango kwanza: sehemu tambarare, subiri dakika 10, futa kijiti, chovya tena. Kama kipo sawa, fungua swichi ya presha, funga geji pale, usome injini ikiwa moto, ulinganishe na kipimo cha kitabu. Geji ikisoma sawa, badilisha swichi. Ikisoma chini, fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) ukague chujio la pampu, halafu beringi za krenki. 20W-50 itazima taa tu, beringi zitaendelea kulika.