Nta ipi ya mafuta ya midomo itastahimili joto la kaskazi?

BintiShela
Assalaam aleikum jamaa. Natengeneza mafuta ya midomo hapa Shela, nawauzia manahodha na wageni wa mashua, kwenye vikopo vya bati. Wakati wa kusi hayana neno. Kaskazi ikiingia, mtu akiweka kopo mfukoni mchana, akifungua anakuta limeyeyuka. Mafuta yangu ni ya nazi na simsim kidogo, nta ni sehemu moja kwa nne za mafuta. Duka la malighafi Nairobi lina nta ya nyuki, kandelila, karnauba na soya, na bei zinapishana mno. Mlio kwenye kazi hii, mnatumia ipi?

MfugaNyukiGede
Waaleikum salaam dada. Kabla ya nta, tazama mafuta. Ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Kwenye nchi za baridi yamekaa kabatini yameganda, yanasaidia kulishika kopo. Kwetu pwani ni maji karibu mwaka mzima, kwa hiyo kazi yote ya kugandisha inabaki kwa nta. Vipimo vya huko havitufai.

Mimi nasimama na nta ya nyuki. Inayeyuka kati ya nyuzi 62 na 64, inapakika vizuri, na inakaa mdomoni hata upepo wa chumvi ukipiga. Kwa joto letu weka gramu 28 hadi 30 katika kila gramu 100 za mchanganyiko.

Ukinunua nta ghafi huku kwetu karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke utaokoa pesa, ila uisafishe mwenyewe. Iyeyushe ndani ya maji ya mvua (ya kisima yana chokaa, yanaiharibu), uchuje kwa melimeli, ufunike sufuria ipoe polepole usiku kucha. Asubuhi bonge linaelea na uchafu umegandia upande wa chini, rangi ya kahawia, ukigusa unamomonyoka. Kwangua kwa kisu, urudie mpaka upande huo utoke safi. Mwisho iyeyushe bila maji, sufuria ndani ya sufuria, mpaka vipovu viishe. Maji yakibaki ndiyo mwanzo wa ukungu.

MamaVipodoziLangoni
Mwanangu BintiShela, usiipite kandelila. Wageni wengi hawataki kitu chochote cha mnyama, hata nta ya nyuki, na hao wanasoma kibandiko kabla ya kuuliza bei. Kandelila inatoka kwenye kichaka cha jangwani kaskazini mwa Meksiko, ukoo mmoja na mnyaa tunaopanda uani. Inayeyuka kwenye nyuzi 68 hadi 73 na ni ngumu, kwa hiyo unatumia karibu nusu ya kipimo cha nta ya nyuki. Gramu 15 katika 100 zinatosha. Bei ya kilo inatisha, lakini piga hesabu kwa kopo, si kwa kilo.

Midomo inang'aa zaidi. Ila mafuta yanateleza mapema kuliko ya nta ya nyuki, hilo nalikubali. Mtu wa baharini atapaka mara kwa mara.

FundiMalindi
Naongeza ya karnauba, maana watu wanaona nyuzi 82 hadi 86 wanadhani wamepata dawa ya joto. Hiyo ni nta ya majani ya mti wa jamii ya mnazi, Brazili, na ndiyo inayong'arisha magari. Ni ngumu na kavu. Ukiitumia peke yake, mafuta yanakwama mdomoni au yanavunjikavunjika.

Halafu tuelewane: nta ikishachanganyika na mafuta, kopo halingoji zile nyuzi za nta. Linaanza kulegea chini yake sana. Kinachoamua ni nta kiasi gani na mafuta gani. Karnauba iwe msaidizi tu, gramu 3 au 4 juu ya gramu 22 za nta ya nyuki, zilizobaki mafuta. Yeyusha karnauba kwanza, kisha nta ya nyuki, na mafuta uyapashe moto kabla ya kumimina. Yakiingia baridi, karnauba inaganda chembechembe na kopo zima linakuwa na mchanga.

KijanaMpeketoni
Kaka, na hii nta ya mishumaa? Madukani imejaa na ni rahisi. Soya je?

FundiMalindi
Mishumaa hapana kabisa. Hiyo ni nta ya parafini. Ya vipodozi husafishwa kwa ajili ya ngozi, ya mishumaa haikukusudiwa mdomo, na mara nyingi ina rangi na manukato. Soya ni laini mno kwa joto hili. Iache.

MamaVipodoziLangoni
Naafikiana na Fundi. Na msitie mafuta ya maganda ya ndimu kwa ajili ya harufu. Yale yaliyokamuliwa bila moto yakipigwa na jua yanaunguza ngozi, na mabaharia wako juani kutwa.

BintiShela
Nawashukuru sana. Nitafanya mafungu mawili: la manahodha nta ya nyuki na karnauba kidogo, la wageni wasiotumia vya nyuki kandelila. Mfuga nyuki, nitajuaje ugumu kabla ya kumimina kwenye vikopo vyote?

MfugaNyukiGede
Weka kijiko cha chuma kwenye friji. Dondoshea mchanganyiko, ngoja ugande, kisha ukiache kijiko kivulini, mahali penye joto la mchana. Kikishapoteza ubaridi wote, pitisha kidole. Kidole kikizama, ongeza nta gramu mbili mbili. Kikikwaruza, ongeza simsim. Na mteja mpya ajaribu kwanza ndani ya kiwiko, kwa kuwa wapo wanaowashwa na gundi ya nyuki inayobaki kwenye nta.

BintiShela
Sawa. Bonge la kilo moja laweza kuja na basi mpaka Mokowe?

MfugaNyukiGede
Laweza. Nitalifunga kwa karatasi na gunia, mwambie utingo asiliweke juu ya injini.