Mama analazwa kwa upasuaji: dawa zake za kila siku tuzifanyeje?

Binti Mkubwa (swali)

Ndugu zangu, habari za majukumu. Mama yangu mwenye umri wa miaka 63 amepangiwa kulazwa juma lijalo ili aondolewe kibofu cha nyongo, kwa sababu ya mawe yaliyomsumbua muda mrefu. Ana kisukari na shinikizo la damu, na kila siku humeza vidonge, ikiwemo aspirini. Tumeambiwa asile wala kunywa chochote baada ya usiku wa manane. Shangazi anasema dawa zote ziachwe tangu sasa, lakini mama anakataa katakata kuacha dawa ya presha hata siku moja. Naomba ushauri wa wenye uzoefu kuhusu dawa hizo, na mambo mengine ya kutayarisha mapema.

Muuguzi wa wodi ya upasuaji

Dada, pole kwa kuuguza. Umefanya vyema kuanza na dawa, kwa kuwa begi linaweza kufungashwa kwa dakika chache, lakini suala la dawa halifai kungoja siku ya kulazwa. Mama asiache dawa kwa kauli ya ndugu, wala asiendelee nazo kwa mazoea, maana kila moja ina utaratibu wake. Zipo dawa za presha, kama atenololi, ambazo zikikatizwa ghafla mapigo ya moyo huweza kwenda mbio, na zipo nyingine ambazo daktari huagiza zisimezwe asubuhi ya upasuaji. Baadhi ya vidonge vya kisukari humshusha sukari mtu aliyefunga, na akiwa usingizini hawezi kusema kwamba anajisikia vibaya. Vile vya aina ya dapagliflozini na empagliflozini huachwa siku 3 kabla. Kuhusu aspirini, wapo wanaoambiwa waiache na wapo wanaoambiwa waendelee nayo, hasa waliowahi kuugua moyo au kiharusi, na uamuzi huo ni wa daktari mpasuaji akishauriana na daktari wa usingizi.

Ombeni kuonana na daktari wa usingizi siku kadhaa kabla, mkiwa na maboksi yenyewe ya dawa mkononi. Mwelezeni pia mzio wowote, meno yanayolegea, na kama mama au ndugu yake wa damu aliwahi kupata matatizo kwenye nusukaputi. Mitishamba nayo itajwe bila haya, kwani baadhi yake huongeza kutokwa na damu, na daktari anayejua hujiandaa.

Mfamasia

Nakazia suala la kufunga. Miongozo inayotumika katika nchi nyingi hutaka mgonjwa akae saa 6 bila chakula chepesi, saa 8 au zaidi kwa chakula chenye mafuta mengi, na saa 2 kwa maji matupu. Nusukaputi hulegeza kinga ya njia ya hewa, hivyo kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Hata hivyo, kwa baadhi ya wenye kisukari tumbo huchelewa kusukuma chakula, kwa hiyo fuateni agizo la hospitali yenu, na mwulize kama mama anaweza kupangwa wa kwanza asubuhi ili asifunge muda mrefu.

Niliyetolewa nyongo

Ulizeni kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa kama upasuaji utakuwa wa matundu madogo au wa kupasua tumbo, na fahamuni kwamba wa matundu unaweza kugeuzwa kuwa wa kupasua endapo daktari atakuta hali isiyoruhusu. Msipomweleza mama jambo hilo, ataamka na mshono mrefu na kudhani kuna kilichoharibika.

Aoge kwa sabuni, aondoe rangi ya kucha, na pete zibaki nyumbani. Asijinyoe tumbo kwa wembe, kwani mikwaruzo midogo hukaribisha vijidudu kwenye kidonda. Atahitaji pia mtu wa kumshika mkono anapoanza kutembea wodini, jambo ambalo husaidia kuzuia damu isigande miguuni.

Binti Mkubwa

Nawashukuru sana. Kesho tunakwenda na maboksi yote ya dawa, na shangazi nimemsomea majibu yenu, naye amekubali. Nina swali moja zaidi: tangu jana mama anakohoa kidogo, ingawa hana homa. Je, tuwaeleze au tusubiri kwanza?

Muuguzi wa wodi ya upasuaji

Waelezeni kesho hiyo hiyo, dada. Watamsikiliza kifua, na wakiona inafaa wataahirisha upasuaji hadi apone, kwa sababu kifua chenye maambukizi hupata taabu wakati wa nusukaputi na baada yake. Akianza kupata homa, maumivu makali ya tumbo au macho kuwa ya manjano kabla ya tarehe yake, mpelekeni hospitali mara moja.