"Inaingia hiyo mkuu": muuza spea na fundi mmeniharibia CBR ya marehemu mjomba

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa nimekaa uani kwetu Mikindani, mbele yangu ipo pikipiki Honda CBR600F ya 1992 imewekwa juu ya matofali, haina shokapu za mbele wala tairi. Nina hasira na sitaificha. Kuna muuza spea wa Kariakoo na kuna fundi wa hapa Mtwara mjini. Majina nayaacha, wenyewe wakisoma watajijua.

Pikipiki hii ni ya mjomba wangu, baharia, Mungu amrehemu. Alipofariki ikakaa chini ya turubai miaka mingi, na mnaoishi pwani mnajua chumvi ya baharini inavyokula chuma. Lakini injini ilikuwa hai. Silinda 4, cc 599, kabureta 4 nilizozifungua moja moja kwa mkono wangu. Jeti nilizisafisha kwa upepo wa kompresa, sikuingiza waya, maana kitundu kile kikipanuka hata kidogo umeshaharibu hesabu ya mafuta. Kutu ya ndani ya tangi niliitoa kwa siki, siku nne nzima. Ilipowaka mama alitoka jikoni, akasimama mlangoni analia. Mlio ule kwake ni kaka yake anarudi nyumbani.

Nikasema sasa niifanye iwe na breki na shokapu za kisasa, niiendeshe kwa usalama mpaka Masasi na kurudi. Hapo ndipo nilipokutana na neno "inaingia".

Nilimwandikia muuzaji WhatsApp kila kitu: aina, mwaka, picha za mbele, picha ya shingo ya fremu. Nikamuuliza kama shokapu za Yamaha R6 ya 2006, zile zilizogeuzwa juu chini, zitakaa kwenye CBR ya 1992. Akajibu kwa sauti, na sauti ninayo mpaka leo: "Inaingia hiyo mkuu, hata rimu yako inaingia, wewe tuma hela." Nikatuma 1,150,000. Ilikuwa Mei 2024, barabara imekatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya, mzigo ukachelewa sana. Nikavumilia, mvua si kosa la mtu.

Sasa niwaeleze kwa nini jibu lile lilikuwa uongo, maana kuna vijana wengi humu wanaota kufanya kitu hiki hiki.

Shokapu za R6 zinakuja na shina lake la usukani, ile nguzo inayopita ndani ya shingo ya fremu na kuzungukia kwenye beringi. Shina hilo lina unene wake na urefu wake kati ya beringi ya juu na ya chini, na fremu ya Honda haikutengenezwa kwa ajili yake. Kazi hii inafanyika, watu wanaifanya duniani kote, lakini unapima kwanza kwa venia (kile kipimo cha milimita cha mafundi), unatafuta beringi ambayo nje inakaa kwenye fremu yako na ndani inakaa kwenye shina jipya, au unapeleka shina kwa mtu wa mashine ya kukereza akalichonge kwa kipimo. Pili ni diski. CBR yangu ina diski za mbele za milimita 276. R6 hiyo ni 310. Kalipa zake, zile zinazobeba pedi za breki, zimefungwa mahali pa diski ya 310, kwa hiyo ukiweka rimu yako ya zamani, ukingo wa diski unaishia milimita 17 kabla ya pale pedi inapotarajia kuukuta. Ndiyo maana mwenye akili anakwambia nunua mbele yote kwa pamoja, shokapu, rimu, ekseli na diski, kutoka pikipiki moja. Mtu anayeuza spea za pikipiki za mbio kila siku analijua hili. Alinyamaza kwa sababu rimu hakuwa nayo.

Fundi naye alikuwa na nafasi ya kuniambia "kaka, hii haikai". Hakuniambia. Alinidai 350,000, akaniambia nirudi Ijumaa. Ijumaa nikaikuta imefungwa, imeng'aa, nikampa hela yake na ahsante juu.

Nilipofika kwenye mteremko wa kuingia Mikindani, mwendo kama 80, usukani ukaanza kutikisika. Mara ya kwanza nilidhani ni upepo. Ukazidi, mikono yote miwili inachapwa kushoto kulia, nikashika breki na breki haikushika inavyotakiwa, ikakwaruza tu kama jiwe juu ya bati. Niliachia gesi, nikabana tangi kwa magoti, ikatulia yenyewe karibu na minazi. Mbele yangu palikuwa na akina mama wamebeba ndoo za samaki. Nimewaota akina mama wale mara tatu.

Nikaifungua hapa nyumbani. Wakuu, beringi ya chini ilikuwa inacheza kwenye shina, na ule uwazi fundi aliujaza kwa kipande cha kopo la soda. Kopo la soda! Amelikata kwa mkasi, akalikunja mara mbili, akalizungushia shina, akashindilia beringi kwa nyundo. Rangi nyekundu ya kopo bado inaonekana. Kikombe cha beringi ya juu kimepigwa jiwe la grinda mpaka kimekuwa yai. Na kalipa amezishusha kwa bamba la chuma alilolitoboa kwa drili ya mkono, matundu hayapo kwenye mstari mmoja. Pedi zilikuwa zinang'ata diski kwa nusu tu, nusu nyingine imebaki na ngazi ambayo ukucha wangu unaishika.

Tairi sitazieleza sana. Zilitoka kwa muuzaji huyo huyo, 480,000, "mpya kabisa". Soma ubavuni zile namba nne za mwisho: zangu zinasema 2211, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2011. Raba imekauka, ina nyufa kati ya kashata. Ya nyuma kanipa 180 kwa rimu ya inchi 4.5, wakati pikipiki hii kiwandani ilitoka na 160. Tairi pana kwenye rimu nyembamba inabanwa inakuwa na mgongo kama wa ngalawa.

Halafu umeme. Honda za miaka ile zinajulikana kwa kuunguza rektifaya, kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri, kwa hiyo kununua ya kisasa ya aina ya mosfeti ni uamuzi mzuri na siujutii. Nilipewa feki, 140,000. Ya kweli ni nzito mkononi, hii nyepesi kama sabuni iliyoisha. Betri ilivimba siku ya pili. Nikapima kwa mita, injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika: volti 16.8. Inatakiwa izunguke 13.5 hadi 14.5 hivi. Taa mpya ya LED ikafa. Na fundi alikuwa amekata soketi ya awali, akasokota waya tatu za njano zinazotoka kwenye koili kwa vidole na kuzungushia selotepu nyeusi. Kwa hewa ya Mikindani shaba ile ilikuwa kijani ndani ya wiki tatu.

Muuzaji nilipompigia alisema mali ikishafungwa hairudi. Nimemjibu kwamba Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji anataka kitu kwa kazi gani na akategemea utaalamu wake. Mimi nilimweleza kwa maandishi na picha. Tangu hapo ameniblok. Sauti yake nimeihifadhi kwenye simu mbili, na nitakwenda nayo mbele.

Lakini kilichonichoma kuliko hela zote 2,120,000 ni hiki. Nilimwambia fundi shokapu za zamani na shina lake vikae, nitakuja kuvichukua. Nilipokwenda akaniambia bila hata kuinua uso: "Yale makuukuu nimempa mtoto wa skrepa." Amevipima kwa kilo! Vitu vya 1992, vilivyokuwa vizima, vilivyohitaji sili na oili tu. Shina lile lilikuwa na alama ya M ambayo mjomba aliichora kwa patasi siku alipobadilisha beringi mwenyewe.

Nimezunguka kwa wanunuzi wa skrepa Chikongola na Magomeni siku mbili, sijaiona. Kama kuna mtu Mtwara, Lindi au Masasi ameshika shina la usukani la Honda lenye M ndogo chini ya nati ya juu, aniandikie inbox. Nitalinunua kwa bei atakayotaja. Na kama una shokapu za CBR600F za kati ya 1991 na 1994, zenye unene wa milimita 41, hata kama zinavuja, nitakuja na venia yangu kupima kabla sijatoa shilingi.