Darubini ya chuo: msitu wa Masingini au Makunduchi?

Suala: chuo kikuu kikitaka kituo cha nyota hapa Unguja, chenye darubini ya kioo cha sentimita 30, kijengwe Masingini karibu na mji, au Makunduchi, kusini mwa kisiwa?

Wa Bububu: Masingini. Ndiko juu kuliko kote Unguja, na wanafunzi wanakwenda na kurudi usiku huohuo. Darubini iliyo mbali hugeuka pambo.

Fundi Vioo: Juu gani, ndugu yangu? Vituo vya nyota vya La Palma, kisiwa cha Uhispania, viko juu kiasi cha mita 2,300, mara nyingi mawingu yanabaki chini. Masingini haifiki mita 200. Na piga hesabu ya miti: mti wa mita 15, ukitaka kuona mpaka nyuzi 20 juu ya upeo, ufyeke mita 41 kila upande. Ni zaidi ya ekari moja, ndani ya msitu unaotunza maji ya mji!

Wa Bububu: Inua darubini mita 6 juu ya nguzo ya zege, hizo 41 zinashuka mpaka 25. Nguzo isigusane na sakafu tu, la sivyo kila hatua ya mtu inatikisa picha.

Fundi Vioo: Na kusini je? Tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, imezama mitini. Mhimili wa stendi, unaoelekezwa kwenye ncha hiyo ili darubini ifuate nyota, unalala karibu bapa. Stendi nyingi hazishuki hivyo, uzito wa kusawazisha darubini unagonga miguu ya stendi. Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, nalo likipanda mwisho wake ni nyuzi 23 hivi, na mwanga wa mji unatokea kusini-magharibi. Makunduchi ukitazama kusini ni bahari tupu.

Maalim wa Pwani: Bahari hiyohiyo inaleta chumvi, jamani. Mnagombania mahala, darubini itakufa kwa unyevu. Kosa kubwa ni kuifungia chumba chenye kiyoyozi: ukiitoa usiku wa joto, kioo kinalowa papo hapo, baadaye kuvu. Weka waya wa joto ndani ya kasha, kioo kizidi joto la hewa ya nje kwa nyuzi 2 au 3. Silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, ikibadilika rangi, ikaushwe. Na kioo chenye chumvi hakifutwi kwa kitambaa, kitakwaruzika; kinamiminiwa maji yasiyo na madini.

Wa Bububu: Sawa, lakini Mwezi, Zohali na nyota pacha, mbili zinazoonekana karibu karibu, hazijali taa za mji. Kwa mwaka wa kwanza Masingini inatosha.

Fundi Vioo: Hizo zinaonekana hata uwanja wa skuli, bila kukata mti.